Luigi Broglio

Luigi Broglio (Mestre, 11 Novemba 1911 – Roma, 14 Januari 2001) alikuwa mhandisi wa anga, profesa na jenerali wa jeshi la anga kutoka nchini Italia. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa kituo cha kurushia satelaiti huko Ngomeni, karibu na Malindi, katika pwani ya Kenya.

Maisha

Broglio alifundisha katika Chuo Kikuu cha Roma, ambako aliongoza masomo ya uhandisi wa anga. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana kuhusu mradi wake, ulioitwa San Marco: Marekani ingetoa roketi za Scout na mafunzo, Italia ingetengeneza satelaiti na kuzirusha.

Satelaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa tarehe 15 Desemba 1964 kutoka Virginia, Marekani. Roketi ilikuwa ya Kimarekani, lakini kazi ya kuirusha ilifanywa na Waitalia wenyewe.

Kituo cha Ngomeni

Broglio alitaka kurusha satelaiti kutoka karibu na ikweta. Mahali hapo Dunia huzunguka kwa kasi ya takriban km 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, hivyo roketi inayorushwa upande huo hupata msukumo wa bure. Tena mashariki ya Ngomeni kuna Bahari ya Hindi tu, kwa hiyo mabaki ya roketi hayaangukii makazi ya watu.

Majukwaa mawili ya chuma yaliwekwa baharini: San Marco la kurushia roketi, na Santa Rita la kuongozea kazi. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Ndani yake kulikuwa na mizani iliyobuniwa na Broglio: ganda la nje liliposukumwa kidogo na hewa nyembamba ya juu, mizani ilipima msukumo huo na kuonyesha msongamano wa hewa.

Satelaiti ya Uhuru

Scout ilikuwa roketi ndogo, isiyoweza kufikisha chombo kwenye sayari za mbali kama Mshtarii na Zohali. Hata hivyo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, ilibeba satelaiti ya Marekani yenye masi ya takriban kg 140, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru.

Hiyo ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka kwenye nyota. Angahewa huzuia miale hiyo isifike ardhini, hivyo ni lazima chombo kipande juu yake. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339. Vipimo vyake vya Cygnus X-1, katika kundinyota la Dajaja, vilisaidia kutambua kwamba hapo kuna shimo jeusi.

Miaka ya mwisho na urithi

Kutoka Ngomeni zilirushwa satelaiti 9. Ya mwisho iliondoka tarehe 25 Machi 1988, na majukwaa hayakurusha satelaiti tena. Matumizi ya Scout yenyewe yalikoma mwaka 1994.

Antena za nchi kavu zimeendelea kupokea taarifa za satelaiti na roketi za mataifa mbalimbali. Kituo hicho sasa kinaitwa kwa jina la Broglio, na asteroidi 18542 pia ina jina lake.