Sheikh Nuruddin As-Salimy: tuuhesabu vipi upofu wake?



Wapenzi wasomaji, Ijumaa hii tunawaletea maisha ya mwanachuoni wa Oman ambaye elimu yake ilivuka bahari ikafika Unguja: Sheikh Nuruddin Abdullah bin Humeid As-Salimy.

Tumemchagua kwa sababu maalumu. Katika nyumba zetu, mtoto mwenye ulemavu akishindwa chuoni, husemwa kuwa ni ulemavu wake. Akifaulu, husemwa kuwa ni maajabu. Kauli zote mbili zinamdhulumu. Ya kwanza inamzuia kuyaona makosa yake na kuyarekebisha. Ya pili inamnyang'anya jasho lake.

Sheikh alizaliwa Al-Hawqain, upande wa Rustaq, mwishoni mwa miaka ya 1860. Baba yake ndiye aliyemsomesha Qur-ani. Alipofikia umri wa miaka 12 hivi, akapoteza macho. Hakuachwa ukumbini kuonewa huruma, bali alikwenda Rustaq kusoma kwa Sheikh Rashid bin Seif Al-Lamky, kisha akahamia Sharqiya kwa Sheikh Saleh bin Ali Al-Harthy.

Elimu ile ilikuwa na njia zake. Alisomewa vitabu, akavihifadhi. Kisha akawa anasema, na wanafunzi wanaandika. Kwa njia hiyo alitunga Jawhar an-Nidham, mashairi ya fiqhi yenye beti zaidi ya 14,000, na pia Tuhfat al-A'yan, historia ya Oman. Basi nyuma ya mafanikio yake kulikuwa na baba, walimu, waandishi na subira ya miaka mingi.

Hapa Unguja alikuwapo Sheikh Nasser bin Salim Ar-Rawahy, maarufu kwa jina la Abu Muslim, kadhi na mshairi aliyeanzisha gazeti la An-Najah mwaka 1911. Huyu alianza kuisherehesha Jawhar an-Nidham, lakini alifariki mwaka 1920 kabla ya kuimaliza. Abu Muslim alikuwa na macho yake, na hakuna aliyesema kazi ilibaki kwa sababu ya macho. Sote tunafahamu kwamba umri ulimalizika kabla ya kazi. Kwa nini basi mwenye ulemavu asihesabiwe kwa mizani hiyo hiyo?

Sheikh As-Salimy naye alionja kushindwa. Kwa miaka alitamani Uimamu urejeshwe Oman, na jambo likawa halisimami. Kizuizi hakikuwa upofu. Viongozi wa makabila walisitasita, akiwamo Sheikh Issa bin Saleh, mtoto wa mwalimu wake. Sheikh hakuyalaumu macho yake wala hakujifungia ndani. Alitafuta wasaidizi pengine, akawapata Tanuf, na mwaka 1913 mwanafunzi wake, Salim bin Rashid Al-Kharusy, akapewa baia ya Uimamu. Sheikh Issa naye akaja kujiunga baadaye. Lau angeamini kwamba kilichomkwamisha ni upofu, angekata tamaa, kwani upofu wake hakuweza kuuondoa. Lakini kusitasita kwa watu kuna dawa.

Mapema mwaka 1914, akiwa safarini juu ya mnyama, alipigwa na tawi la mti akaanguka, na akafariki huko Tanuf. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Atatokea wa kusema: angekuwa na macho angelikwepa. Huenda. Sisi hatusemi kwamba ulemavu hauna uzito; ngazi nyembamba za nyumba za Mji Mkongwe zinamjua asiyeweza kuzipanda. Tunachosema ni kwamba uzito huo upimwe pale ulipo, usitandazwe juu ya maisha mazima ya mtu.

Basi enyi wazazi, tukimuona mtoto wetu ameshindwa, tumuulize kwanza kama tunavyowauliza ndugu zake: umedurusu? Umepata wa kukusomea? Mwalimu amekusikiliza? Na akifaulu, tumshukuru Mola, kisha tumpe mtoto sifa ya kazi aliyoifanya.