Mikhail Tswett na Mrija wa Chaki

Nilipokuwa sekondari kwetu Busasamana, mwalimu alitutwangisha majani ya viazi, akatia spiriti, akachovya ncha ya karatasi. Rangi ikapanda na kujigawa, njano ikitangulia kijani. Aliyefungua njia hiyo sikutajiwa. Nimemjua mwaka huu, baada ya protini niliyokuwa nikiisafisha maabarani kuniganda mara tatu.

Mikhail Tswett alizaliwa Asti, Italia, mwaka 1872. Baba yake alikuwa Mrusi. Mama alifariki mtoto akiwa mchanga, naye akalelewa Uswisi. Alipata udaktari Geneva mwaka 1896, akaenda Urusi, na huko shahada zake hazikutambuliwa. (Wenzetu waliorudi na vyeti vya ng'ambo wanaujua uchungu huo.) Akasoma upya, akapata uzamili Kazan mwaka 1901, kisha akawa msaidizi Warsaw.

Jambo moja lilimsumbua. Etha ya petroli huyeyusha klorofili iliyokwisha kutolewa, lakini haiitoi kwenye jani. Akatambua kuwa tishu za jani zimeishika; ukiongeza alkoholi kidogo, zinaiachia.

Nilisimama hapo, maana ndilo tatizo langu. Protini za utando wa seli hukaa ndani ya mafuta ya utando, na maji matupu hayazitoi. Tunatumia sabuni ya pole: ikiwa kali mno, umbo la protini huharibika, ikipungua, protini hugandana. Bila protini safi yenye umbo lake hakuna fuwele, wala picha ya mahali dawa inaposhika. Nami nilikuwa nikiiacha sabuni wakati wa kuosha! Lita sita za bakteria zikapotea.

Tswett alijaza chaki iliyosagwa katika mrija wa kioo, akamimina rangi za jani, kisha kiyeyushi. Zikashuka kwa mwendo tofauti, pete baada ya pete. Alieleza njia hiyo mwaka 1903, na mwaka 1906 akaiita kromatografia. Jina lake mwenyewe kwa Kirusi ni rangi. Wakemia wengi wakubwa hawakuijali. Vita vikamng'oa Warsaw mwaka 1915, akafariki Voronezh mwaka 1919, akiwa na miaka 47. Njia yake ilifufuliwa Heidelberg mwaka 1931.

Mwaka 1985 lilitangazwa umbo la kwanza la kina la protini za utando, zilizotolewa katika bakteria kwa sabuni. Ndani yake mna jamaa wa klorofili aliyoihangaikia yeye.

Juzi nimetia sabuni katika maji yote ya kuoshea. Protini imeshuka mrijani, na hadi leo asubuhi haijaganda.