Miklós Jancsó, profesa aliyeinyamazisha neva ya maumivu kwa pilipili

Mtu aliyezoea kula sambaza kwa pilipili, Goma ama Bukavu, hashtuki kama mgeni. Aliyechunguza kwa kina jambo la namna hiyo ni profesa wa Hungaria, Miklós Jancsó.

Alizaliwa mwaka 1903 huko Kolozsvár, mji ambao leo ni Cluj, Rumania. Baba yake, mwenye jina lile lile, alikuwa daktari mtafiti wa malaria. Baada ya Vita Kuu ya kwanza mji ulipewa Rumania, chuo kikuu kikahamia Szeged, na huko ndiko Jancsó alikofanyia kazi hadi kifo.

Sisi Wakongomani tuna deni lingine kwake. Mwaka 1935 alionyesha kwamba sintalini, dawa ya kushusha sukari mwilini, inaponya wanyama walioambukizwa vijidudu vya jamii ile inayoleta ugonjwa wa usingizi. Alidhani vijidudu vinakufa kwa kukosa sukari. Watafiti wa Uingereza waligundua kwamba dawa inaviua yenyewe, wakaendelea hadi kupata pentamidini, ile ambayo watu wengi sana walidungwa Congo wakati wa Wabelgiji.

Miaka ya 1940 akageukia kapsaisini, kiini kinachoipa pilipili ukali. Aliwapa wanyama mara kwa mara. Mwanzoni waliumia vibaya, kisha hawakujali tena hata kemikali nyingine kali machoni. Lakini ukiwagusa, walihisi kama kawaida. Kumbe kuna neva maalumu za maumivu, na zinaweza kunyamazishwa peke yake! Matokeo hayo aliyaandika kwanza kwa Kihungaria, na nje ya nchi yake wachache waliyasoma.

Alifariki mwaka 1966. Makala yake maarufu ya Kiingereza, inayoonyesha kwamba neva hizo zenyewe zinasababisha ngozi kuvimba, ilitoka mwaka uliofuata.

Mwaka 1997 timu ya David Julius, Marekani, ilipata mlango wenyewe kwenye ukuta wa neva, unaoitwa TRPV1. Kapsaisini ama joto la nyuzi kama 43 linaufungua. Chembe za sodiamu na kalsiamu zenye chaji zinaingia, neva inasisimka na kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Kalsiamu ikizidi, neva inazimika kwa muda. Julius alipata Nobel mwaka 2021. Leo kuna plasta za kapsaisini kwa wagonjwa wenye maumivu ya neva.