Donald Bailey, Fundi wa Daraja la Vipande

Msafiri atokaye Lodwar kwenda Kakuma hadi Lokichoggio hukuta mito isiyo na maji. Ni mchanga mtupu. Mbuzi hupita, na watu huchimba humo maji ya kunywa. Lakini mvua ikinyesha mbali milimani, mto hushuka ghafula, na aliye ng'ambo hubaki ng'ambo: mgonjwa hafiki hospitali, wala lori la chakula halivuki. Mahali kama hapo ndipo mtu ajuapo thamani ya daraja, na ndipo listahilipo kutajwa jina la Donald Bailey.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1901 Rotherham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Sheffield, akahitimu mwaka 1923. Mwaka 1928 aliajiriwa Christchurch, katika kituo cha kujaribia madaraja ya jeshi. Yeye mwenyewe hakuwa askari, bali mtumishi wa kiraia. Mwaka 1936 aliwapa wakubwa wake wazo la daraja jipya, wakaliweka kando. Akasubiri. Kufikia mwisho wa 1940 vifaru vilikuwa vizito kuliko madaraja yaliyokuwapo, ndipo wazo lile likafukuliwa. Mei 1941 daraja likajaribiwa, nalo likastahimili.

Siri yake ni nyepesi. Daraja zima hujengwa kwa fremu za chuma zilizo sawasawa, urefu futi 10, kimo futi 5, uzito kiasi cha kilo 260: mzigo wa watu sita. Ndani ya kila fremu vyuma hukaa mshazari vikafanya pembetatu, na pembetatu haipotoki umbo upesi kama mraba. Fremu huungwa kwa pini. Mzigo ukizidi, fremu hupangwa mbili mbili au tatu tatu, au hupandanishwa. Kisha daraja husukumwa juu ya roli kutoka ukingo mmoja, likitanguliwa na pua nyepesi, mpaka liguse ukingo wa pili. Kwa mto wa wastani hapana haja ya kusimamisha nguzo katikati, pale pigwapo na magogo ya gharika.

Vitani lilitumika kwanza Tunisia, Novemba 1942. Desemba 1944, huko Burma, askari wa Afrika Mashariki, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, waliuteka mji wa Kalewa na kuushika ukingo wa Mto Chindwin. Hapo likatandazwa daraja la Bailey lenye kuelea, futi 1,154. Vitabu husifu daraja. Ni haki kuwakumbuka pia waliolifungulia njia kwa damu yao.

Mwaka 1946 Bailey alipewa cheo cha Sir. Alifariki Bournemouth mwaka 1985.

Vita viliisha, daraja likabaki. Hata Kenya, mafuriko yakatapo barabara, wahandisi hulitandaza aina hiyo ili watu wavuke. Chombo kilichobuniwa kuvusha vifaru kimekuja kuvusha mama mjamzito na magunia ya mahindi. Fundi huyo hakujenga kwa kujionyesha: alitafuta kipande kidogo ambacho watu sita waweza kukiinua, akakirudia mara nyingi. Dau la msafiri hufika kwa kafi moja baada ya nyingine.