Shaaban Robert na Kazi ya Viunganishi

Katika sehemu iliyotangulia tumeeleza kwamba kiunganishi huunga neno na neno, kirai na kirai, au kishazi na kishazi. Kabla ya kuingia katika mazoezi, tunaleta hapa maisha ya mwandishi mmoja, kwa sababu ndani yake mwalimu ataona kiunganishi hufanya kazi gani pale mtu anapotaka hoja yake ikubaliwe.

Anayepanda kutoka Wandegeya kuelekea Chuo Kikuu cha Makerere hupita mahali penye historia ya Kiswahili, ingawa wapita njia wengi hawaijui. Tangu mwaka 1952 hadi 1962, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifishaji wa lugha hii, ilikuwa na makao yake Makerere. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Shaaban Robert wa Tanganyika.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, akafaulu akiwa wa pili kati ya wanafunzi 11. Hakuendelea na masomo ya juu. Badala yake aliajiriwa kuwa karani katika idara ya forodha. Baadaye alihudumu katika idara ya wanyama, kisha katika ofisi ya serikali mjini Tanga, na hatimaye katika idara ya upimaji ardhi hadi mwaka 1960. Kwa hiyo, utumishi wake wote ulipita chini ya serikali ya kikoloni.

Hali hiyo ilimweka mahali pagumu. Alikuwa na mengi ya kusema juu ya haki, lakini aliyestahili kuambiwa ndiye aliyemlipa mshahara. Akachagua njia ya hadithi. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alibuni nchi inayoelea angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Karama hana jeshi wala mali. Ana hoja tu. Anasimama mbele ya baraza siku baada ya siku, akisimulia safari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao, kisha wakafungwa kwa sababu walirudi na mawazo mapya. Mwishowe wafungwa wanafunguliwa. Lau angezisimulia safari hizo bila kuziunga, baraza lingesikia hadithi sita. Kwa kuwa aliziunga, lilisikia utetezi mmoja.

Ustadi huo haukuishia katika hadithi. Mwaka 1954 ulitoka Kielezo cha Insha, kitabu cha kuwaongoza waandishi wa insha, na mwaka 1958 Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa kama nyongeza ya jarida la Kamati ile ile ya Makerere. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Baadhi ya maandishi yake, kama vile Kufikirika na Utubora Mkulima, yalichapishwa yeye akiwa kaburini.

Tunapofundisha viunganishi, basi, tusiishie kwenye orodha ya kukaririwa. Mwanafunzi wetu huunga kila kitu kwa na. Akiandika kwamba mvua ilinyesha na mwalimu alifika, ametaja mambo mawili, lakini hajasema uhusiano wake. Akiandika kwamba ingawa mvua ilinyesha mwalimu alifika, amemsifu mwalimu; na akiandika kwamba mvua ilinyesha, kwa hiyo mwalimu alichelewa, amemtetea. Matukio huenda ni yale yale. Hukumu ya mwandishi imo katika kiunganishi. Asiyejua kuunga atakuwa na ukweli wote mkononi, ila atashindwa kuutetea.

Zoezi. Orodhesha viunganishi vya sababu na vya kinyume vilivyotumika katika kifungu hiki. Kisha ondoa kimoja kimoja, weka na mahali pake, na ueleze ni maana gani iliyopotea.