Kelly Miller

Kelly Miller (18 Julai 1863 – 29 Desemba 1939) alikuwa mwanahisabati, mwanasosholojia na mwandishi kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa kama Mmarekani Mweusi wa kwanza kusoma hisabati katika ngazi ya juu kuliko shahada ya kwanza, na mwanafunzi Mweusi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Shahada yake ya uzamili ya hisabati aliipata mwaka 1901, miaka 14 baada ya kuanza masomo chuoni hapo.

Maisha ya awali

Miller alizaliwa Winnsboro, katika jimbo la South Carolina, wakati wa Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alikuwa wa sita kati ya watoto kumi. Baba yake alikuwa mtu huru, lakini mama yake, Elizabeth, alikuwa mtumwa.

Baada ya vita alisoma katika shule ya kwao. Mchungaji Willard Richardson aliona kipaji chake cha hesabu, akamsaidia kuingia shule ya Fairfield Institute mwaka 1878. Miaka miwili baadaye alipata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington. Huko alijikimu kwa kazi ya ukarani katika ofisi ya pensheni ya serikali, na mwaka 1886 alihitimu shahada ya kwanza.

Masomo ya hisabati

Baada ya kuhitimu, Miller alifundishwa hisabati ya juu na Edgar Frisby, mwanaastronomia wa kituo cha kuangalia nyota cha Jeshi la Majini. Kisha Simon Newcomb, aliyekuwa pia profesa wa Johns Hopkins, alimpendekeza ajiunge na chuo hicho mjini Baltimore.

Tangu kufunguliwa mwaka 1876, Johns Hopkins ilikuwa haijapokea mwanafunzi Mweusi hata mmoja. Kwa hiyo ombi lake lilipelekwa mbele ya wadhamini wa chuo, nao wakalikubali. Kuanzia 1887 hadi 1889 alisoma hisabati, fizikia na astronomia. Kilichomwondoa ni pesa: ada ilipandishwa kwa asilimia 25, naye hakuweza kuilipa. Aliondoka bila shahada. Nafasi aliyopewa haikuwafungulia wengine mlango mara moja, kwani chuo hicho kilipokea mwanafunzi Mweusi wa kwanza wa shahada ya kwanza mwaka 1945 tu.

Kazi

Miller alifundisha kwa muda katika shule ya sekondari mjini Washington. Mwaka 1890 aliteuliwa kuwa profesa wa hisabati wa Howard, na mwaka 1895 alianzisha hapo ufundishaji wa sosholojia. Mwaka 1894 alimwoa Annie May Butler. Mmoja wa watoto wao watano, May Miller, alikuja kuwa mshairi na mwandishi wa tamthilia.

Akiwa tayari profesa, alirudi kwenye masomo. Howard ilimpa shahada ya uzamili ya hisabati mwaka 1901 na shahada ya sheria mwaka 1903. Kuanzia 1907 hadi 1919 alikuwa mkuu wa kitivo cha sanaa na sayansi. Alipanua masomo ya sayansi na kuzunguka majimbo ya kusini kutafuta wanafunzi, na idadi yao iliongezeka sana.

Katika mjadala kuhusu elimu ya Wamarekani Weusi, Booker T. Washington alisisitiza ufundi na W. E. B. Du Bois elimu ya juu. Miller alisimama kati yao, akitetea zote mbili.

Kifo na urithi

Alistaafu mwaka 1934, akafariki Washington miaka mitano baadaye. Mwaka 1925 Elbert Cox alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya hisabati, katika Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 1929 Cox alianza kufundisha Howard, katika chuo kilekile ambako Miller alikuwa amefundisha hisabati.