Sir Stanley Rous: Mwamuzi aliyeandika sheria, naye akapimwa kwa matokeo

Kwenye viwanja vya vumbi, iwe kambini walikokulia wengi waliorejea nyumbani au nyuma ya soko la mpakani, ubishi ni ule ule. Mchezaji amemvunja mwenzake mguu, naye anaapa hakukusudia. Je, aadhibiwe? Aliyeziandika upya sheria za kujibu swali hilo ni Mwingereza, Sir Stanley Rous.

Rous alizaliwa Aprili 25, 1895 katika kijiji cha Mutford, Suffolk. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mwalimu wa michezo mjini Watford, huku akichezesha mechi. Mwaka 1934 alipuliza filimbi katika fainali ya Kombe la FA, Manchester City ilipoifunga Portsmouth mabao 2-1 uwanjani Wembley. Mwaka huo huo akawa Katibu wa Chama cha Soka cha England. Ndiye pia aliyeeneza mtindo wa mwamuzi kukimbia kwa mshazari, washika vibendera wakiangalia pande zilizobaki.

Mwaka 1938 aliziandika upya sheria 17 za soka kwa lugha nyepesi. Katika sheria ya 12, kumpiga teke au kumrukia mpinzani kulikuwa kosa iwapo mchezaji amekusudia. Ilionekana ni haki: asiye na nia mbaya asionewe. Lakini mwamuzi ana macho ya kuona mguu, hana ya kuona moyo.

Rous aliiongoza FIFA kuanzia 1961. Afrika Kusini ilikuwa imesimamishwa kwa ubaguzi wa rangi, naye mwaka 1963 akaenda huko na kupendekeza irudishwe. Nia yake, kwa maelezo yake, ilikuwa kuitenga soka na siasa. Nchi za Afrika hazikupima nia hiyo. Zilitazama mchezaji mweusi aliyefungiwa mlango. Juni 1974, mjini Frankfurt, kura zao zilisaidia kumng'oa na kumweka Mbrazili João Havelange.

Julai 8, 1982, mjini Seville, udhaifu wa kutafuta nia ulionekana dunia nzima. Katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, kipa wa Ujerumani Magharibi, Harald Schumacher, alimrukia Mfaransa Patrick Battiston, akamwacha amezimia na meno yamevunjika. Mwamuzi hakutoa hata faulo. Aliamuru mpira upigwe kutoka golini.

Rous alifariki London Julai 18, 1986, akiwa na miaka 91. Mwaka 1995 neno makusudi liliondolewa katika makosa hayo ya kumchezea vibaya mpinzani. Sasa mwamuzi hupima kitendo: uzembe ni faulo tu, kutojali hatari kwa mwenzako ni kadi ya njano, nguvu kupita kiasi ni nyekundu. Nia bado inatazamwa katika mpira wa kushika.

Wapo wanaosema sheria hii inamwonea mchezaji aliyeteleza kwa bahati mbaya. Lakini aliyevunjika mguu naye ana watoto wa kulisha, na kesho hawezi kubeba mzigo wa kuvusha mpaka. Nia njema haiungi mfupa. Afrika ilimpima Rous kwa kipimo hicho miaka 21 kabla ya sheria yake yenyewe kukikubali.